Maasi ya Siyu Dhidi ya Unguja: Kuisoma Historia ya Amu na Pate Sambamba na Vita vya Wamakabayo

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na visiwa vya Amu katika tungo kabla hajakutana navyo katika historia. Hufundishwa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, akaelezwa kuwa ni utungo wa kuipa dunia kisogo. Hufundishwa Utendi wa Mwana Kupona, akaelezwa kuwa ni wosia wa mama kwa bintiye. Maelezo hayo si ya uongo. Hata hivyo, ni nadra mwanafunzi huyo kuelezwa kwamba Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa mtu ambaye watawala wa Unguja walimhesabu kuwa muasi, na kwamba alipoutunga utendi wake, mwaka 1858, mji wa marehemu mumewe ulikuwa haujainamisha shingo mbele ya ufalme uliokuwa umekwisha kuitia mkononi karibu pwani yote.

Makala hii yakusudia kuyaeleza maasi hayo ya Siyu na misukosuko ya kisiasa iliyoyazaa. Ili kuyaeleza vizuri, nimeyaweka kando ya maasi mengine ya kale zaidi: vita vya Wayahudi chini ya Wamakabayo dhidi ya ufalme wa Waseleuko katika karne ya pili K.K. Ndugu msomaji asidhani kwamba nadai kuwapo uhusiano kati ya matukio hayo mawili. Wala ugomvi wenyewe haukuwa wa aina moja, maana Wamakabayo walipigana na mfalme aliyeipiga marufuku dini yao, ilhali Siyu na Unguja wote walikuwa Waislamu. Ulinganifu ninaoutafuta ni wa kisiasa na wa kimatini. Mji mdogo huwezaje kuukataa ufalme mkubwa kwa miaka ishirini? Hushindwa lini? Na baadaye, nani huandika habari zake?

Si jambo la ajabu, kwa upande mwingine, kuutazama ulimwengu wa Wayunani kutoka Pate. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ina tarehe ya mwaka 1728, ulitungwa na Mwengo bin Athumani kwa ajili ya mtawala wa Pate, na mhusika wake mkuu ni Herekali, mfalme wa Rumi aliyetawala watu waliosema Kiyunani. Washairi wa Pate walikwisha kuufanya ulimwengu huo kuwa mali yao ya kifasihi karne moja na zaidi kabla ya vita tunavyovizungumzia.

Waseleuko na Wayahudi

Baada ya Aleksanda wa Makedonia kufa mwaka 323 K.K., majemadari wake waligawana milki yake. Seleuko na kizazi chake walipata Siria na nchi za mashariki, na yapata mwaka 200 K.K. wakaitwaa pia Uyahudi kutoka kwa watawala wa Misri. Ufalme huo ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa umejeruhiwa. Antioko wa Tatu alishindwa na Warumi, na kwa mkataba wa Apamea wa mwaka 188 K.K. alitozwa fidia ya talanta 12,000 za fedha. Tangu hapo wafalme wa Antiokia walikuwa na njaa ya fedha isiyokwisha.

Njaa hiyo ndiyo iliyowafungulia mlango wenyeji wa Yerusalemu waliokuwa wakigombea cheo. Mara Antioko wa Nne alipotawazwa mwaka 175 K.K., Yasoni alimwahidi fedha nyingi ili apewe ukuhani mkuu uliokuwa wa nduguye Onia. Miaka michache baadaye Menelao akaahidi nyingi zaidi, naye akapewa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi vya shule huyaanza maasi kwa ukatili wa mfalme, kana kwamba aliamka asubuhi moja akaichukia Yerusalemu. Mfalme aliitwa. Aliyemwita ni mwenyeji aliyetaka kumshinda mwenyeji mwenziwe.

Mwaka 168 K.K. Antioko alikuwa akikaribia kuiteka Misri, mjumbe wa Rumi akamwamuru aondoke, naye akaondoka kwa fedheha. Mwaka uliofuata aliyakataza mazoea ya dini ya Kiyahudi na kulinajisi Hekalu. Katika kijiji cha Modeini kuhani Matatia alikataa kutii, akakimbilia milimani pamoja na wanawe. Mwanawe Yuda, aliyeitwa Makabayo, alilitwaa na kulitakasa Hekalu mwaka 164 K.K. Yuda mwenyewe aliuawa vitani mwaka 160 K.K., na kwa miaka kadhaa maasi yalionekana kama yamezimika.

Yaliyoyafufua hayakuwa panga. Mwaka 152 K.K. watu wawili walikuwa wakigombea kiti cha Waseleuko, Demetrio na Aleksanda Bala, na kila mmoja alimhitaji Yonathani, nduguye Yuda, awe upande wake. Wakaanza kushindana kwa zawadi. Bala akampa Yonathani ukuhani mkuu. Kufikia mwaka 142 K.K., chini ya ndugu mwingine, Simoni, Uyahudi ulikuwa umesamehewa kodi na kwa hakika ulikuwa unajitawala. Msomaji auweke moyoni mwaka huo wa 152 K.K., kwani tutaurejea tukifika Siyu.

Amu yamwita mgeni

Sasa na tuje nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, Kisiwa cha Pate kilikuwa na miji mitatu mikubwa: Pate yenyewe, makao ya Wanabahani, Siyu, mji wa wanazuoni na mafundi, na Faza, ambayo Wareno waliibomoa mwaka 1587 ikainuka tena. Amu ilikuwa kisiwa jirani, na Pate iliihesabu kuwa chini yake. Waamu hawakukubali. Ndani ya Amu kwenyewe palikuwa na makundi mawili, Zena na Suudi, yaliyoshindana katika kuuendesha mji.

Yapata mwaka 1812 au 1813, Pate ikishirikiana na Wamazrui wa Mombasa ilishusha jeshi katika pwani ya Shela ili kuivunja Amu. Waamu walishinda, na ushindi wao ulikuwa mkubwa kupita walivyotarajia. Bwana Zahidi Mgumi ndiye anayekumbukwa zaidi kuwa kiongozi wa wakati huo. Hapo ndipo linapozuka jambo linalostahili kufikiriwa na kila mwanafunzi wa historia ya pwani. Waliokimbilia ulinzi wa nje hawakuwa walioshindwa vita, bali walioshinda. Wakihofia kisasi cha Mombasa na Pate, Waamu walimpelekea habari Seyyid Said bin Sultan wa Omani, wakamwomba awalinde. Naye akaleta liwali na askari, na ngome ya Amu ikakamilika yapata mwaka 1821.

Methali yetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Amu alipona kweli. Walioumwa ni majirani zake. Mwaka 1822 majeshi ya Seyyid Said yaliwaondoa Wamazrui katika Pate. Mwaka 1837 Mombasa yenyewe ikaanguka. Mfalme aliyeitwa kuwalinda Waamu akawa mfalme wa pwani nzima, na katika miaka iyo hiyo akayahamishia makao yake Unguja.

Pate nayo iligawanyika. Nasaba ya Wanabahani ilikuwa kubwa, na kila mgombea aliyeshindwa nyumbani alikuwa na pa kwenda: Mombasa kwa Wamazrui wakati walipokuwa na nguvu, au kwa Seyyid Said. Watawala waliinuka na kuanguka kwa kadiri ya msaada wa nje walioupata. Tukiyasoma majina yao yaliyofuatana kwa haraka katika habari za Pate, hatuna budi kukumbuka Yasoni na Menelao. Kiti kilichokuwa cha urithi kilikuwa kimekuwa kitu cha kuombwa kwa mtu mwingine.

Bwana Mataka

Ni katika hali hiyo Siyu ilipata kuwa mahali pa pekee. Haikuwa makao ya nasaba ya Kinabahani. Wenyeji wake mashuhuri, Wafamau, walikuwa na viongozi wao wenyewe. Ulikuwa mji wa kazi za mkono: ngozi, milango ya nakshi, na hasa kunakili vitabu. Misahafu ya Siyu yenye kurasa zilizopambwa inajulikana hadi leo. Tena ulikuwa mji mgumu kuufikia kwa maji. Mkondo wake umepita katikati ya mikoko, nao hupitika maji yakijaa tu. Jahazi kubwa la vita halifiki. Kwa hiyo jeshi la kutoka Unguja lililazimika kushuka Faza na kutembea nchi kavu, na katika safari hiyo ndimo Wasiyu walimolingojea.

Kiongozi wa Siyu alikuwa Bwana Mataka. Mwanzoni mwa miaka ya 1840, yeye pamoja na Fumo Bakari, mtawala wa Pate, waliukataa utawala wa Seyyid Said. (Huyu si Fumo Bakari wa Witu, ambaye tutamtaja baadaye, majina ya Kinabahani hujirudia, nayo huwachanganya wanafunzi kila mwaka.) Katika miaka ya 1843 hadi 1845 Seyyid Said alipeleka jeshi, likiongozwa na Emiri Hamadi bin Ahmed, jemadari yule yule aliyeitwaa Pate mwaka 1822. Lilikuwa jeshi la Waarabu na Wabulushi pamoja na watu wa pwani. Lilishindwa. Emiri Hamadi mwenyewe aliuawa karibu na Siyu, na jeshi likarudi lilikotoka.

Tusiipite habari hii kwa wepesi. Seyyid Said alikuwa amewashinda Wamazrui waliokuwa na Ngome ya Yesu, alikuwa na merikebu za kivita, na mataifa ya Ulaya na Marekani yalifanya mikataba naye. Mtu huyo alishindwa na mji wa wanakili vitabu uliozungukwa na mikoko. Sababu, kwa maoni yangu, ni mbili. Ya kwanza ni ardhi, kama ilivyokuwa kwa Wamakabayo katika njia nyembamba za milima ya Uyahudi: jeshi zito hupoteza faida yake linapolazimika kwenda kwa mstari katika njia asiyoijua mkuu wake. Ya pili ni kwamba Siyu ilikuwa na umoja wa uongozi ambao Pate haikuwa nao. Pate palikuwa na wagombea wa kununuliwa. Bwana Mataka alidumu na mji wake hadi alipofariki, mwaka 1856.

Mwaka wa 1856 ni mwaka wa ajabu katika habari hizi, kwa kuwa katika mwezi wa Oktoba Seyyid Said naye alifariki, akiwa baharini. Milki yake ilibaki mikononi mwa wana waliogombana: Thuwaini akiwa Maskati, Majid akiwa Unguja. Mwaka 1859 mwana mwingine, Barghash, alijaribu kumpindua Majid. Hapo ndipo panapofanana na mwaka 152 K.K. Ufalme mkubwa umegawanyika, ndugu wanawindana, na mji mdogo ulioasi ungali na silaha zake. Kwa kipimo cha Yonathani, Siyu ilipaswa kuwa imefikiwa na bahati yake: kumwacha kila mgombea apande dau, kisha kuuza urafiki kwa bei ya uhuru.

Bahati hiyo haikuja, na sababu yake haikuwa Siyu. Kwa Waseleuko, hapakuwa na mtu wa nje aliyejali kuumaliza ugomvi wa kiti. Rumi ilipendelea udumu. Kwa Wabusaidi, palikuwa na Uingereza. Waingereza walimsaidia Majid kuyazima maasi ya Barghash, na mwaka 1861 Gavana Mkuu wa Uhindi, Lord Canning, aliamua kwamba Unguja na Maskati ziwe milki mbili, Unguja ikiilipa Maskati fedha kila mwaka. Majid akawa na kiti kisichogombewa tena. Mwaka 1863 Siyu ilisalimu amri kwake. Miaka miwili tu yatenganisha uamuzi wa Canning na kuanguka kwa Siyu, na sioni kuwa ukaribu huo ni wa bahati nasibu. Mapokeo yasema kwamba Muhammad, mwana wa Bwana Mataka aliyeendeleza upinzani baada ya babaye, aliishia kifungoni katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Mabaki ya upinzani yalihamia bara. Ahmad, aliyejulikana kama Simba, wa nasaba ya Wanabahani, alijenga makao Witu, mahali palipokimbiliwa na watu wengi, wakiwamo watumwa waliotoroka. Mwaka 1885 aliupata ulinzi wa Wajerumani kwa njia ya ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Mwaka 1890 Wajerumani waliiachia Uingereza Witu kwa mkataba, Wajerumani kadhaa wakauawa huko katika mwezi wa Septemba, na mwezi uliofuata jeshi la Waingereza likaiteketeza Witu iliyokuwa chini ya Fumo Bakari.

Nani aliyeandika?

Moto huo wa Witu una uzito kwetu sisi wanafunzi wa lugha, kwa sababu inasemekana ndio ulioteketeza hati asili ya Habari za Pate. Matini tulizo nazo zimetokana zaidi na masimulizi na nakala za Bwana Kitini, mzee wa nasaba ya Kinabahani. C. H. Stigand alichapisha tafsiri mwaka 1913, Alice Werner akachapisha Kiswahili na Kiingereza mwaka 1914 na 1915, M. Heepe mwaka 1928, na Marina Tolmacheva akazikusanya na kuzilinganisha mwaka 1993. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo nacho kiliandikwa kwa Kiebrania, asili ikapotea, tukabakiwa na Kiyunani. Lakini tofauti yao ni kubwa. Kitabu cha Wamakabayo kiliandikwa kwa kuipendelea jamaa ya waasi, iliyokuwa imekwisha kuwa jamaa ya kifalme. Habari za Pate zimeandikwa na jamaa ya wafalme. Siyu imo ndani yake kama mji wa pembeni, wakati mwingine msaidizi, wakati mwingine msumbufu. Maasi ya Siyu hayakupata kitabu chake.

Angalia pia maneno yenyewe. Kitenzi halifu, kilichotoka katika Kiarabu, maana yake ni kwenda kinyume, kukataa kufuata. Kutokana nacho tumepata mhalifu, ambaye katika Kiswahili cha magazeti ya leo ni mwizi na mnyang’anyi. Asi nacho kimetuzalia muasi wa kisiasa na maasi ya mja mbele ya Mola wake, kwa umbo moja. Mwandishi anayesema kwamba Bwana Mataka “aliasi” amekwisha kutoa hukumu kabla hajatoa habari, kwani huwezi kumuasi asiyekuwa mtawala wako, na hilo ndilo hasa lililokuwa likigombaniwa. Mimi mwenyewe nimelitumia neno hilo katika anwani kwa kuwa ndilo msomaji analolijua. Afadhali lisomwe likiwa na alama ya kuuliza.

Kurudi kwa Mwana Kupona

Tukiwa na tarehe hizi mkononi, tuutazame tena utendi. Bwana Mataka amefariki mwaka 1856. Mwaka 1858 mjane wake, akiwa mgonjwa, anamtungia binti yake Mwana Hashima beti mia na kidogo juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Miaka mitano baadaye mji unaanguka. Wahariri wa chapa ya mwaka 1934, Alice Werner na William Hichens, waliuweka utendi huo chini ya kichwa cha wajibu wa mke, na tangu hapo darasa limekuwa likijadili kitu kimoja: je, Mwana Kupona awafundisha wanawake utiifu wa kupindukia? Mwaka 1991 Ann Biersteker alipendekeza usomaji mwingine, akionyesha kwamba lugha ya utendi ina kejeli na uwezo ndani yake, na kwamba mtunzi si mtu dhaifu.

Naongeza jambo moja katika mjadala huo. Binti anayeusiwa si binti yeyote. Ni binti wa mtawala aliyeukataa ufalme, hana tena baba, karibu hatakuwa na mama, na mji wake hauna uhakika wa mwaka ujao. Mafunzo ya namna ya kusema na wakubwa na wadogo, kuujua ukweli wa kila anayeingia nyumbani, kuchagua wa kusuhubiana naye, na kumridhisha mwenye mamlaka ndani ya nyumba yana maana moja katika mji wenye amani, na maana nyingine katika mji uliozingirwa na maadui. Sidai kwamba utendi ni fumbo la vita. Vita havitajwi, na mhakiki anayelazimisha kila shairi la Kiamu liwe fumbo hulikosea haki. Nadai tu kwamba kimya hicho nacho ni cha kusomwa. Mke wa Bwana Mataka alijua zaidi ya mtu yeyote habari za maasi, alikuwa na kalamu, na aliamua kuandika juu ya mambo ambayo binti angeweza kuyachukua kokote atakakokwenda, mji uwepo au usiwepo.

Mwana Hashima aliyachukua. Aliishi Amu, katika mji ule ule uliomwita Seyyid Said, hadi ndani ya karne ya ishirini, na wosia aliotungiwa ulinakiliwa mara nyingi na kuenea pwani nzima. Wanafunzi wanaojiandaa kwenda Amu kwa utafiti wangefanya vyema kuanza na nakala hizo: ziko ngapi, kila moja ilinakiliwa wapi, na je, ipo yoyote iliyonakiliwa Siyu.